Ukuta Uliopakwa Chokaa kwa Ajili ya Mgeni

Mgeni rasmi, Mheshimiwa, wakubwa wa Kasongo, wazazi wetu: karibuni katika uwanja wetu. Tulipangiwa tukuimbie na kukuchezea ngoma. Leo hatuchezi. Tuna hasira, na tumekubaliana tuiseme mbele yako kuliko kukusema mgongoni.

SISI NI NANI

Sisi ni timu ya voliboli ya wanawake. Tuko wauza mawese, wanafunzi, mama wa watoto; Waislamu na Wakristo, wavu mmoja. Kocha wetu, mama Darlène, anatukimbiza kilimani alfajiri na mifuko ya mchanga mabegani. Tunaruka matairi, tunachuchumaa mpaka mapaja yanawaka moto. Vyuma vya kunyanyua hatuna. Kipimo chetu ni ukuta huu ulio nyuma yako. Kila mwisho wa mwezi mchezaji anachovya kiganja katika mawese na masizi, anaruka, anaupiga. Alama ikipanda, tunajua mazoezi yamefanya kazi.

TULIPOFIKA

Mteuzi wa timu ya jimbo alipokuja kutoka Kindu, alistaajabu. Akatuambia: “Mimi sitaki maneno. Nitarudi kutazama ukuta, nichague waliopanda.” Anarudi kesho. Kiganja cha juu kabisa kilikuwa cha mwenzetu Hidaya.

KILICHOTUCHOMA

Jana kamati ya mapokezi iliupaka ukuta chokaa! Tulimkimbilia mkubwa wao, mzee wetu papa Zakaria. Akasema: “Ukuta iko muchafu, na mutu mukubwa anakuja!” Hidaya akalia: “Papa, ile si uchafu, ile ni mimi!” Jamani, akacheka. Akaendelea kupaka.

Sisi wengine tutaruka upya kesho. Hidaya hawezi. Wiki iliyopita alitua vibaya kwenye ardhi hii ngumu kama tofali, goti likavimba, na sasa anatembelea fimbo. Shahidi wake alikuwa ukuta. Wamemfuta ili macho yako yaone weupe. Heshima gani hiyo? Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe umekuja, mwenyeji kaumia.

TUNACHOOMBA

Uwanja umwagiwe mchanga, tusiendelee kuvunjika magoti. Hidaya apelekwe kwa daktari wa mifupa. Hayo tunajua yatapita kwanza kwenye mikutano yenu, na mikutano yenu tunaijua.

La tatu halingoji mkutano. Chokaa yenyewe bado mbichi, na mafuta ya mawese hayafichiki: tangu asubuhi doa limeanza kutokeza kule juu, mahali ambapo hakuna mwingine kati yetu aliyewahi kufika. Tutauosha ukuta huu leo, chokaa itoke na kiganja kibaki, wewe ukiwa hapa, ili asitokee mtu wa kutuzuia.

Mungu akulinde njiani, akurudishe salama kwa watoto wako, akupe magoti mazima mpaka uzeeni. Ndoo na matambara tumeshaleta. Tunakuomba usogeze kiti, Mheshimiwa, maji yasikudondokee.

Ni sisi, wachezaji wa TUPANDE, Timu ya Voliboli ya Wanawake, Kasongo.
Imesomwa na Victorine, kapteni.