Kondoo Aliyemaliza Deni

Bwana asifiwe! Na ninyi mlioegemea ukuta huko nyuma, Bwana asifiwe! Mimi ni Mama Regina, mjane wa hapa Gitting, mnanijua kwa kelele. Leo kelele yangu ina sababu.

Ndugu zangu, nilikopa kwa mzee Tluway pesa ya mbegu na mbolea. Dhamana nikaweka ng'ombe wangu wawili wa kulimia. Nikalipa kidogo kidogo, mpaka akaniambia, "Nipe yule kondoo dume wako tumalizane." Nikampa. Karatasi hatukuandikiana. Mtu unasali naye, utamdai risiti?

Jumapili ya mavuno, mzee akamleta kondoo wangu madhabahuni! Akasimama hapa hapa, akasema, "Namshukuru Mungu, Mama Regina amemaliza deni lote. Huyu kondoo ndiye malipo ya mwisho, namtoa kwa Bwana." Kanisa zima vigelegele! Mimi nikanuna. Kondoo nimfuge mimi, sifa apate yeye? Sikupiga kofi hata moja.

Mvua za kupandia zilipoanza, mzee akaja nyumbani.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba. Nimefuata ng'ombe. Kuna salio."

Salio! Jamani, salio la nini? Bila ng'ombe nilime na nini, kwa kucha? Watoto wale nini? Nikakataa, akanipeleka mahakamani.

Huko, ndugu zangu, kelele zangu zote zilibaki mlangoni! Hakimu akaniuliza, "Nani anajua kwamba umemaliza?" Nikaomba kimoyomoyo, "Bwana, sema wewe, mimi maneno yameniishia." Papo hapo nikamkumbuka yule kondoo, pamoja na hasira yangu yote! Nikasema, "Mheshimiwa, yeye mwenyewe alishuhudia kanisani. Mchungaji wetu yule pale, amekuja kutuombea tupatane. Muulize."

Mchungaji akaeleza yote, hata vigelegele hakuviacha. Hakimu akamgeukia mzee, "Ulisema hayo?"

Mzee akajikuna shingo. "Nilisema, Mheshimiwa, ila kule kanisani nilitia chumvi kidogo."

Weee! Watu walicheka mpaka karani akaficha uso. Hakimu akasema, "Basi hilo salio lithibitishe bila chumvi. Ni kiasi gani?" Mara akataja hiki, mara kile. Dai likatupwa, ng'ombe wakabaki zizini kwangu. Haleluya!

Ndugu yangu mwenye kesi, mtumaini Mungu. Kile kilichokuudhi jana, kesho anaweza kukutolea wokovu humo humo. Na mtu akishuhudia, usisinzie, utakuja kuhitajika!

Mzee Tluway, nakuona umejificha nyuma ya kwaya. Shikamoo baba. Nimekusamehe. Ila na mimi nina deni lako, yale makofi ya siku ile sikuyapiga. Leo nayalipa yote, tena mbele ya mashahidi. Kanisa, nisaidieni kulipa!