Nyanya Zikiiva, Nitakuja

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni, mlio kazini, na wewe uliyekaa peke yako ukaiwasha redio ili nyumba iwe na sauti, karibuni. Leo tunamkumbuka mwenzetu mmoja. Wengi wenu hamkuwahi kumwona. Lakini sauti yake mnaijua.

Kila Jumamosi saa nne asubuhi, kipindi chetu cha bustani kikianza tu, simu ya kwanza ilikuwa yake. "Haloo, hapa Mama Shuka. Nyanya zangu zimegoma tena." Fundi mitambo wetu alikuwa anacheka kabla hata hajaunganisha laini. Leo ni Jumamosi ya tatu simu hiyo haijalia. Mama Shuka amefariki dunia. Alikuwa na miaka sitini na minane.

Jina hilo alilipata kazini. Alifua mashuka ya hospitali kwa miaka thelathini na mmoja. Narudia, miaka thelathini na mmoja. Mashuka ya waliojifungua, mashuka ya waliopasuliwa, mashuka ya wale ambao hawakuamka. Mwenyewe alikuwa akisema, "Mimi wagonjwa siwajui kwa sura. Nawajua kwa madoa yao." Alipostaafu walimpa cheti, mashuka kumi yaliyochakaa na vyandarua viwili vyenye matundu. Akawaambia wakubwa wake, "Ahsanteni. Naona mmenipa na kazi ya kufanyia nyumbani."

Akarudi kwenye nyumba yake ya vyumba viwili. Mumewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Binti yake, mtoto wake wa pekee, ni msusi katika mji wa mbali, mwendo wa siku nzima na nusu kwa basi. Nyuma ya nyumba palikuwa na kiwanja kidogo, hatua nane kwa sita, kimezungukwa na ukuta unaotema joto hata jua likishazama. Hapo ndipo alipoanzisha bustani yake.

Sasa shikeni jambo hili, maana mengine yote yanatoka hapa. Mwezi ule wa kwanza alimpigia binti yake kumwambia amepanda nyanya. Binti alikuwa saluni, simu ameibana kwa bega, vidole vimo kwenye nywele za mteja. Akasema, "Hongera mama! Nyanya zikiiva niite, nitakuja tule wote." Kisha akaaga. Yalikuwa maneno ya mtu mwenye haraka. Mama yake aliyapokea kama ahadi, akajiwekea na sharti. Nyanya zikiiva, atamwita. Zisipoiva, hamwiti.

Na nyanya hazikuiva.

Msimu wa kwanza wa joto alizipanda kwenye ndoo nyeusi, akazipanga juu ya saruji. Maji yalikuwa ya shida, basi akawa anamwagilia kwa maji ya kusuuzia nguo. Kwa dobi, maji ya kusuuza mara ya tatu ni maji safi. Unaona mpaka kidole chako chini. Lakini mkono wake ulizoea kudondosha dawa ya kung'arisha katika kila beseni, na mkono uliozoea miaka thelathini na mmoja hauulizi. Majani yakageuka manjano pembeni, halafu kahawia. Zile ndoo nazo, ukizigusa saa saba mchana zinakuunguza kiganja. Mizizi ilikuwa inachemka humo ndani.

Jirani yake, fundi baiskeli, alimchungulia juu ya ukuta. "Bi mkubwa, hapo unapanda au unapika?"

"Fundi, wewe angalia matairi yako."

"Matairi yangu nayo yanapasuka kwa joto. Lakini siyanyweshi sabuni."

Alikasirika siku mbili, hakumsalimia. Siku ya tatu akamwomba amsaidie kumwaga ndoo zile.

Msimu wa pili alipanda ardhini, na maji ya kufulia akayaacha. Ndipo alipoanza kutupigia. Bado nakumbuka simu yake ya kwanza. Bwana shamba wetu alimwamkia vizuri, akamuuliza udongo wake ukoje.

"Marahaba mwanangu. Udongo wangu ni safi. Naufagia kila asubuhi."

"Unafagia njia, mama?"

"Nafagia bustani. Hata jani moja lililoanguka hulioni."

Bwana shamba alinitazama, mimi nikatazama karatasi zangu. Akamwambia kwa upole, "Mama, ufunike udongo huo. Weka majani makavu, weka nyasi, tunaita matandazo."

"Niweke takataka? Mimi?"

"Jua linaupiga uko uchi, mama. Hata udongo unataka shuka."

Akacheka mpaka akakohoa. "Ungesema hivyo tangu mwanzo!"

Akautandikia udongo wake nyasi kavu, na pembe zake akazinyoosha kama za kitanda cha hospitali. Akaanza kumwagilia alfajiri, kabla ukuta haujapata moto. Wasikilizaji, mchicha uliota kama ulioitwa kwa jina. Bamia zikasimama wima kwenye jua lile lile lililoua nyanya. Kunde zikatambaa mpaka mlangoni. Mboga zikawa nyingi kuliko mdomo mmoja. Akawa anafunga mafungu kwa vipande vya shuka kuukuu, anayaning'iniza kwenye vitasa vya milango ya majirani, anaondoka bila kubisha hodi. Fundi baiskeli anasema, "Nilimwambia, bi mkubwa, bisha basi tusalimiane. Akanijibu, mboga haina haja ya kukaribishwa."

Lakini nyanya, la. Zilitoa maua mazuri ya manjano, na maua yakadondoka. Bwana shamba alimweleza, nami nawakumbusha ninyi. Mchana wa joto kali, na usiku usiopoa, ua la nyanya halishiki. Si uchawi, si jicho la mtu. Ua limechoka.

Msimu wa tatu alitafuta kivuli. Kwanza alitundika shuka zito juu ya miche. Ikarefuka, myembamba, shingo tupu bila mwili, ikiutafuta mwanga. Akalitoa, akatundika chandarua cha hospitali kwa matundu yake. Hapo akapatia. Jua lilipita, ukali ukabaki juu. Nyanya mbili zikashika. Mbili tu. Halafu homa ikamlaza siku tatu, hakuna aliyemwagilia, maana hakumwambia mtu kwamba anaumwa. Alipoinuka akamwaga maji mengi kwa pupa. Zikaoza kitako, zikawa nyeusi chini. Fundi baiskeli anasema hakumwona akilia. Alimwona anachimba kashimo kwa kijiko, anazizika.

Ni wakati huo nilipokwenda kumtembelea. Mimi pia ni mjane, na wajane hatuhitaji barua ya mwaliko. Nilimkuta anakunja mashuka. Mnajua shuka hukunjwa na watu wawili, huyu huku na huyu kule. Yeye alibana pembe mbili kwenye mlango, akaufunga, kisha akarudi nyuma akivuta pembe zake. Alifanya hivyo haraka, bila kutafuta, kama mtu afanyaye kila siku. Nikashika upande wa pili. Tukakunja yote.

Kisha nikamuuliza, "Mwenzangu, mboga umejaaliwa tele. Kwa nini unahangaika na nyanya?"

Ndipo aliponieleza habari ya binti yake na ile simu ya saluni. Nikamwambia, "Si umpigie tu aje?"

Akaninyooshea kidole. "Yule ni mtu wa kazi. Nimwite aje kuangalia nini, ukuta? Alisema nyanya. Siku nitakayompigia, ziwe nyekundu, ziko mezani."

Nilidhani ni jambo zuri, mtu kuwa na kitu cha kungojea. Nilikunywa maji, nikaaga.

Msimu huu, ambao ulikuwa wa nne, alifanya yote kwa utaratibu. Alichelewesha kusia mbegu, ili maua yatoke joto linapoanza kulegea. Alikuza miche kivulini. Alichagua nyanya ndogo, maana ndizo zinazovumilia. Matandazo, chandarua, maji ya alfajiri. Kila asubuhi alitikisa maua kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayeamsha mtoto. Na Jumamosi ile ya mwisho alipiga simu, akasahau hata salamu.

"Kumi na moja! Nimezihesabu mara mbili! Bado kijani, lakini zimeshiba!"

Bwana shamba akamwambia, "Hongera, mama. Wiki mbili, tatu hivi, utaanza kuchuma."

"Wiki mbili," akasema. Akasema tena, polepole, "Wiki mbili." Laini ikakatika.

Jumanne iliyofuata, fundi baiskeli aliona jua limepanda na chandarua hakijavutwa juu ya nyanya. Mama Shuka alikuwa akikivuta kila siku saa nne kamili. Fundi akaita juu ya ukuta, "Bi mkubwa, leo umesinzia?" Hakujibiwa. Walimkuta kitandani, amejifunika vizuri. Daktari alisema ni moyo, na kwamba aliondoka kwa upole. Mwenyezi Mungu ndiye anayejua saa, sisi tunajua habari tu.

Binti alifika siku ya pili jioni, kabla ya maziko. Baada ya watu kutawanyika tulikaa naye jikoni. Aliniambia, "Mama, mimi nilikuwa nampigia kila Jumapili. Kila nikimuuliza hali, ananiambia mchicha umejaa, majirani wanakula. Nikajua hana shida. Hata siku moja hakuniambia njoo."

Nikamweleza alichokuwa anangojea. Nilimweleza taratibu, na haikuwa rahisi kwangu. 

"Nyanya?" akasema. "Mimi nilisema nyanya?"

"Ulisema, mwanangu. Miaka minne iliyopita."

"Mimi hata sikumbuki." Akafunika uso kwa viganja. "Ningekuja hata kwa mchicha. Ningekuja hata kwa ukuta."

Hakurudi mjini siku ile, wala wiki ile. Alimpigia mwenye saluni akaomba ruhusa. Akabaki katika nyumba ya vyumba viwili, akimwagilia alfajiri na kuvuta chandarua saa nne, fundi baiskeli akimwelekeza juu ya ukuta. Juzi Alhamisi nyanya ya kwanza iliiva, na ya pili ikafuata. Jana nikampigia kumuuliza alizilaje.

"Nimezikata, nikatia chumvi."

"Zilikuwaje?"

"Zilikuwa nyanya tu, mama," akasema. "Moja ilikuwa chachu."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio yetu natoa pole kwa binti yake. Pole kwa fundi baiskeli, aliyemchungulia miaka yote hii na ndiye aliyegundua kwamba hayupo. Pole kwa wenzake wa chumba cha kufulia, na kwa kila mlango ulioning'inizwa fungu la mboga. Mungu ampumzishe pema, na awape subira waliobaki. Bwana shamba ameniomba niwaambie kwamba mbegu za nyanya zile binti anazikausha, na fundi ameomba apewe za kupanda upande wake wa ukuta.

Nami nina neno moja la kuwaachia. Mimi nilikaa jikoni kwa yule mama, nikaambiwa siri yake, nikaona ni tamu, nikaondoka. Ningeweza kumwambia, simu hii hapa, piga sasa. Sikumwambia. Nimeomba toba kwa hilo, na bado nalifikiria ninapokunja nguo zangu. Tunawasubiri watu wetu mpaka tuwe na cha kuwaonyesha: nyumba imalizike, afya irudi, mtoto afaulu. Nao huko waliko wanajua sisi hatuna shida, kwa sababu ndivyo tunavyowaambia kila Jumapili.

Kwa kawaida, wakati kama huu nawafungulia simu, mnatoa salamu zenu za rambirambi. Leo sizipokei. Salio mlilotaka kunipigia mimi, mpigieni nalo huyo mliyemfikiria sasa hivi nilipokuwa nasema. Msimwambie habari ya mchicha. Mwambieni aje. Mimi nanyamaza hapa kwa dakika tano, na redio itakuwa kimya, mtanisamehe.