Picha Kumi na Saba za Saa Nne

Wasikilizaji wapendwa, kama unapiga pasi, iweke pembeni kwanza. Leo tunamkumbuka Mama Flashi, fundi cherehani, aliyefariki Jumanne iliyopita akiwa na miaka sabini na moja. Alishona sare za shule kiwandani miaka thelathini. Lakini tumekuja kuzungumzia kamera yake.

Ilikuwa kamera ndogo ya plastiki, ya filamu ya rangi, ile ya bei nafuu iliyouzwa dukani karibu na betri na viberiti. Hakupiga harusi wala wakubwa. Alipiga wenzake wakinywa chai. Kila siku saa nne asubuhi, picha moja tu, maana filamu ilikuwa na picha ishirini na nne na mshahara nao mnaujua. Alikuwa akiwaambia, ukifumba macho shauri yako, sirudii. Binti yake ana albamu nzima ya watu waliofumba macho.

Filamu ile ilitaka mwanga. Kiwandani mwanga mzuri ulikuwa sehemu moja tu: kwenye benchi la chai, chini ya bati la plastiki lililopitisha jua, mbele ya mlango wa dharura. Kwa hiyo wote walipigwa hapo. Mbele ya mlango wa dharura, shikeni hilo.

Miaka ishirini na sita iliyopita, siku ya Alhamisi, moto ulizuka kwenye stoo ya vitambaa. Watu wakaukimbilia ule mlango. Haukufunguka, ulikuwa na mnyororo na kufuli. Wakageuka kutokea mbele, wakikanyagana ndani ya moshi, na mmoja hakutoka. Alikuwa binti wa kukata nyuzi, mwenye wiki mbili tu kazini. Wiki mbili, wasikilizaji.

Meneja akawaambia polisi kwamba mlango huo haujawahi kufungwa hata siku moja. Eti mlinzi wa getini ndiye aliyetia kufuli asubuhi ile, kwa akili zake mwenyewe. Mlinzi akawekwa ndani, afikishwe mahakamani Jumatatu. Mafundi walijua ukweli, lakini kila aliyeulizwa alitazama viatu vyake. Kazi ni kazi, na nyumbani kuna watoto.

Mama Flashi alikuwa ametoka motoni na kamera mfukoni mwa aproni. Ijumaa meneja akamwita ofisini, akaomba kuiona. Mdogo wake Mama Flashi, fundi mwenzake, alikuwa amesimama pale pale. Anasimulia kwamba meneja aliigeuzageuza, akafungua kifuniko cha nyuma, akaielekeza dirishani. Filamu ikakaa juani, inang'aa. Hakuwa na haraka. Kisha akafunga, akamrudishia.

"Samahani mama," akasema. "Kidole kimeteleza."

Mama Flashi akashika kichwa, akalia kilio cha msiba. Mdogo wake naye akalia, kwa hasira. Walipofika barabarani, dada mtu akanyamaza ghafla, akamkamata mkono.

"Tembea haraka," akamwambia. "Na usigeuke nyuma."

Sasa sikilizeni. Kamera nyingi huvuta filamu kutoka kwenye kikopo chake picha moja moja. Ya Mama Flashi ilikuwa kinyume. Ukiweka filamu, inaivuta yote nje kwanza, halafu kila picha unayopiga inarudi ndani ya kikopo, gizani. Sehemu aliyoichoma meneja ni ile ambayo haikuwa imepigwa. Ndivyo kijitabu cha maelekezo kilivyosema. Lakini Mama Flashi hakuwahi kujaribu, na nani ajaribu kitu kama hicho?

Wakakaa studio ya picha saa nzima wakisubiri filamu isafishwe. Mdogo wake alihesabu vigae vya sakafu mara nne. Hatimaye msafishaji akatoka na ukanda umelowa, akauinua kwenye taa. Mwisho mmoja ulikuwa mweusi tii.

"Huku kumeungua," akasema. Akaupandisha taratibu. "Huku kuna watu."

Kumi na saba. Picha kumi na saba za chai, na katika kila moja mnyororo uko mlangoni. Katika mojawapo meneja mwenyewe ameinama nyuma ya benchi, anabana kufuli. Jumatatu mahakamani wakili wa kiwanda akadai ni picha za zamani. Mama Flashi hakubishana. Katika picha ile ile ya meneja na kufuli, aliweka kidole juu ya uso wa msichana anayecheka na kikombe mkononi. Alikuwa yule binti wa wiki mbili. Mlinzi akalala kwake siku hiyo.

Mngedhani alitembea kifua mbele. Binti yake ameniambia hakutaka kabisa kusifiwa. "Mama alisema, ule mnyororo niliupiga picha mara kumi na saba. Sikuusema hata mara moja." Niliposikia hayo niliumia, sitawaficha.

Kwa binti yake, kwa mdogo wake na kwa mafundi wote waliokaa kwenye benchi lile, poleni sana. Mungu amlaze pema Mama Flashi. Nanyi mnaosikiliza mkiwa kazini, tazameni mnachokipita kila siku.

Mimi nilipomaliza kuongea na binti yake nilikwenda koridoni hapa redioni, nikausukuma mlango wetu wa dharura. Naupita kila siku, mwaka wa tisa huu. Haukufunguka. Kuna viti vibovu vimerundikwa nyuma yake hadi juu. Nikasema sikai kwenye maikrofoni mpaka waanze kuvitoa, na wanavitoa sasa hivi. Mkisikia kelele, tuvumiliane.