Niliandika "Hakuna" Bila Kuliona Shina

Bwana asifiwe, watu wa Kalinzi! Asifiwe tena! Mchungaji ameniomba nishuhudie kwa furaha. Furaha sina. Nimesimama hapa na hasira, na ninayemkasirikia ni huyu huyu mnayemwona amevaa koti.

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ni bwana shamba wenu, niliyeletwa huku kutoka Singida. Kwetu tunalima alizeti. Kahawa nimeikuta huku huku. Mwaka wa kwanza nilijitahidi. Nilisukuma pikipiki kwenye tope la milima yenu, nikafika mashambani nimelowa mpaka soksi. Kisha nikapata akili mnemba kwenye simu. Jamani! Mkulima anapiga, mimi naiuliza simu, simu inajibu kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, nami namsomea mkulima kama vile yametoka kichwani mwangu. Nilikuwa nakaa kule chini ziwani, Kibirizi, nakula samaki wa migebuka, huku natibu kahawa ya Kalinzi! Mkaniita mtaalamu. Ofisini wakasifu taarifa zangu. Nikavimba kichwa.

Ndipo akapiga Mama Skolastika. Yule pale, benchi la pili. Kahawa aliyoachiwa na marehemu mumewe ndiyo iliyokuwa inamlisha na kuwasomesha wajukuu zake wawili. Akasema majani yanageuka manjano, matawi yananyauka, miti mingine imeanza kukauka. Nikaiandikia simu maneno hayo. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye dhambi yangu. Simu haikukurupuka. Iliniuliza: je, kwenye shina, karibu na ardhi, kuna matundu, au unga unga kama wa mbao? Swali zuri! Swali ambalo mimi, niliyesomeshwa kilimo kwa kodi zenu, nilitakiwa kuliuliza wa kwanza. Ilikuwa nimwambie mama akaangalie, au nipande mlima mwenyewe. Mvua ilikuwa inanyesha. Nikaandika: "Hakuna."

Nani aliniambia hakuna? Hakuna mtu aliyeniambia! Nilitaka jibu, basi.

Nikalipata. Ikasema kwa kuwa matundu hakuna, huenda ni mnyauko, ugonjwa usio na dawa. Thibitisha kwanza, na ukithibitika, ng'oa na uchome. Lile "huenda" nikalimeza. Lile "thibitisha" nikaliruka. Nikampigia mama nikamwambia ng'oa yote, choma yote, hata ile inayoonekana mizima. Akanishukuru! Alinishukuru kwenye simu, ndugu zangu, na mimi nikaitikia.

Aling'oa mibuni arobaini na mmoja. Mmoja tu, ulio nyuma ya jiko, aligoma kuung'oa. Siku ya nne nikapanda kwenda kwake. Msidhani nilikwenda kuuona ugonjwa. Nilikwenda kupiga picha za taarifa! Nikamkuta jirani yake, Mzee Bakari, amechuchumaa kwenye ule mti uliobaki. Akaingiza spoku ya baiskeli kwenye tundu la shina, akaivuta, ikatoka na funza mweupe. Bungua, mdudu anayekula shina kwa ndani. Ukimtoa na kuziba tundu, mti mara nyingi unapona. Ule wa nyuma ya jiko leo umechipua. Ile mingine ni majivu.

Mama hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Mwanangu, shina langu ulilishika lini?"

Nikaondoka pale nikitafuta wa kumtukana. Nikasimama njiani, nikafungua simu ili nione ilivyonidanganya, nikasoma mazungumzo tangu juu. Nikalikuta neno langu mwenyewe: "Hakuna." Nikapiga magoti kwenye tope, nikalia kwa hasira. Nikamwambia Mungu, mwongo ni mimi, nimekaa mezani na samaki wangu nikachoma shamba la mjane, nitoe kwenye uvivu huu au nitoe kwenye kazi hii.

Na ninyi mnaonipigapiga mgongoni mkisema mashine ndiyo iliyokosea, msinifariji hivyo! Inakosea, ndiyo, tena inakosea kwa maneno mazuri. Iliwahi kunipa ratiba ya kunyunyiza dawa ya mikoa yenye mvua mbili, wakati sisi huku msimu wetu ni mmoja. Ningeisoma kwa akili ningeona. Lakini kwa Mama Skolastika uongo ulianzia kwangu.

Mungu alinitoa kwenye uvivu. Simu sijaitupa, wala sitawadanganya kwamba ina pepo. Siku hizi nashika shina kwanza. Naandika nilichokiona, na nisichokiona naandika "sijaona", neno ambalo zamani lilinitia aibu. Naitaka inipe sababu zaidi ya moja, na inieleze nikaangalie nini ili nijue kama imekosea. Halafu nawauliza ninyi mliozaliwa katika kahawa. Mwezi uliopita, kwa Baba Daudi, ilisema shamba limepungukiwa na mbolea. Nikageuza jani, nikakuta vumbi la rangi ya chungwa: kutu. Nikaiambia, ikabadilisha ushauri, tukapanga dawa nikiilinganisha na kitabu cha kahawa mstari kwa mstari. Imenisaidia sana siku ile, kwa sababu nilikuwa nimesimama shambani.

Namshukuru Mungu, lakini hasira haijaisha. Mama Skolastika hajasema kwamba amenisamehe, na simdai. Miche niliyompelekea haitazaa kabla ya miaka mitatu, na wajukuu hawasomi kwa ahadi zangu.

Kesho asubuhi nitakuwa shambani kwake nikichimba mashimo. Mwenye jembe aje. Na ninyi msiomjua Yesu, mpokeeni, mwaminini kwa moyo wote, maana hata mimi hajanitupa. Ila mimi msiniamini hivyo! Nikiwajia na jibu la simu, nisimamisheni mniulize nimeona nini kwa macho yangu. Nikianza kubabaika, nifukuzeni shambani.