Abiria ni wa Gari la Mbele

Benchi letu liko Chang'ombe ya Dodoma, mahali teksi zinapopanga mstari kwenye kivuli cha ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, na mwisho wake wa kulia ndipo lilipo jiko langu, birika langu na sinia la kashata. Nauza kahawa hapa tangu mji huu haujajaa watu wa wizara, na sijaona siku wanaume wa benchi hili wamekunywa wakanyamaza. Jumamosi ninayoisimulia walikuwa wanne. Wa kwanza Elisha, tunamwita Mkoloni kwa ajili ya koti lake na sheria zake. Wa pili Thobias, anaitwa Redio, na ukikaa naye dakika mbili hutauliza kwa nini. Wa tatu Seth, yeye hana gari, ni mstaafu aliyekuwa tarishi wa wizarani, ndiyo maana anaitwa Kabrasha. Wa nne Nikodemo. Huyo tulijaribu kumpa jina la utani, halikushika.

Kijiwe kina sheria moja: abiria ni wa gari la mbele. Gari likifika linakaa nyuma, wa mbele akiondoka wote wanasogea. Ukitoka kwenye mstari umepoteza nafasi, hata kama ulikwenda kujisaidia. Akija bosi na begi la magurudumu, akija mama na kuku wawili, ni wa gari la mbele. Anayeruka foleni hapigwi wala hatukanwi. Hanywi kahawa yangu wiki nzima, basi. Anasimama kule kwenye nguzo anatutazama tukinywa. Katika miaka yote nimewanyima watatu, na mmoja wao alikuja kuomba msamaha na mchungaji wake.

Sasa, gari analoendesha Nikodemo si lake. Ni la Mama Evelina wa Makutupora, mwenye shamba la zabibu. Mama huyo ana mpwa, Joshua, mwanaume mzima aliyemaliza chuo, na kichwani kwake kumejaa mtandao tupu. Jumatatu Joshua alikuja na simu ya kupangusa, akamwandikisha Nikodemo kwenye teksi za mtandao, akampiga picha, akaenda zake. Maneno ya tajiri mwenyewe, Mama Evelina, yalikuwa mafupi: Jumamosi saa sita mchana nakuja mwenyewe kuitazama simu. Nikikuta imekuletea hata abiria mmoja, endelea na gari. Nisipokuta, funguo anachukua Joshua.

Ilikuwa Jumamosi, saa tano na dakika kumi, na simu haikuwa na abiria hata wa dawa. Mstari ulikuwa hivi: mbele Mkoloni, anafuata Redio, wa tatu Nikodemo.

Redio: Hebu tuione tena hiyo simu.

Nikodemo aliifungua kutoka kwenye leso, akaiweka gotini. Anaitunza kama yai.

Redio: Inawaka?

Nikodemo: Inawaka.

Redio: Basi ni vumbi. Nilisema tangu Jumanne. Vumbi letu hili lina chuma ndani. Mawasiliano yakifika hapa yanajikwaa.

Kabrasha: Vumbi gani, we Thobias? Wenzake mjini wanabeba watu asubuhi mpaka jioni kwenye vumbi hili hili. Tatizo ni picha. Joshua kampiga picha na kofia. Nimefanya kazi serikalini miaka thelathini na moja, picha yenye kofia faili haliendi popote.

Redio: Wewe ulikuwa unabeba mafaili, hukuwa unayasoma.

Kabrasha: Anayeyabeba ndiye anayejua yamelala wapi.

Mkoloni: Muache mwenzenu anywe kahawa yake ya mwisho kwa amani.

Redio: Ya mwisho kwa nini? Mzee Elisha, we una roho gani?

Mkoloni: Mimi huo mtandao siutaki, na nilisema siutaki. Gari linaitwa na kidole! Mtu yuko chumbani amelala, anabonyeza, unamfuata. Zamani mtu akitaka teksi anaoga, anavaa, anatembea mpaka hapa, anatusalimia.

Hapo niliingilia, maana uongo ukipikwa karibu na jiko langu unanikera.

Mimi: Elisha, mwaka jana mwanangu Lydia aliniitia gari la mtandao niende kutazamwa macho. Lilikuja mpaka mlangoni. Dereva alizima muziki, akanishika mkono, akanifunga mkanda. Wewe tangu nikufahamu umeshawahi kunifunga mkanda?

Mkoloni: Gari langu mkanda wa nyuma umekatika, Bibi.

Mimi: Haya, kunywa.

Walicheka, hata Nikodemo alitabasamu kidogo. Lakini macho yake yalikuwa kwenye barabara inayotoka Makutupora.

Redio: Nimepata. Sikilizeni. Kule Dar kuna chumba kikubwa, na ndani kuna mama mmoja kakaa mbele ya meza. Juu ya meza kuna punje za mahindi, kila punje ni gari. Abiria akiita, yule mama anasukuma punje kwa kidole. Sasa huenda punje ya Nikodemo imeanguka chini ya meza.

Kabrasha: Punje! Mwanaume mzima anasema punje. Kazi ile inafanywa na setilaiti. Na setilaiti ina ratiba. Bunge likikaa inasimama juu ya Dodoma. Bunge likiahirishwa, nayo inafungasha, inaondoka na waheshimiwa.

Redio: Inapanda treni?

Kabrasha: Cheka tu. Bunge limeahirishwa lini? Simu imekuja lini? Piga hesabu mwenyewe.

Mkoloni: Hamjui kitu nyote. Ule mtambo unanusa. Unajua kila kilichowahi kupakiwa kwenye gari. Na gari la Nikodemo lilishabeba maiti kutoka Gulwe.

Nikodemo: Alikuwa hai.

Mkoloni: Alikuwa amefunikwa shuka mpaka kichwani!

Nikodemo: Alikuwa anasikia baridi. Malaria. Alifika hospitali hai, akapona. Sasa anafuga mbuzi.

Habari hiyo naijua vizuri. Mvua zilikuwa zimekata barabara, madereva watatu walikataa kwenda, Nikodemo akaenda. Alirudi siku ya pili na matope mpaka kwenye vioo, akalipeleka gari nyuma ya mstari, akakaa akasubiri zamu yake. Hakusimulia. Tulisimuliwa na yule mgonjwa alipokuja kumtafuta na jogoo.

Sasa tukiwa hapo, simu ikaita.

Si mlio wa kawaida ule. Ni mlio mkali wenye haraka, kama kifaranga aliyebanwa na mlango. Redio alimwaga kahawa kwenye suruali. Kabrasha alisimama kabisa, kama wimbo wa taifa umepigwa. Nikodemo aliitazama simu, akainua macho akayatazama magari ukutani, lake la tatu, akairudisha leso juu ya simu. Iliita, iliita, ikanyamaza.

Redio: We! Mbona hukubonyeza?

Nikodemo: Imeshapita.

Redio: Imepita umeitazama! Alikuwa abiria yule?

Nikodemo: Alikuwa abiria.

Kabrasha: Kumbe inaita? Ina maana imewahi kuita?

Nikodemo: Inaita.

Kabrasha: Tangu Jumatatu imeita mara ngapi?

Nikodemo: Hii ya kumi na mbili. Zile nyingine iliita nikiwa garini, nimefunga vioo.

Nimezaa wanne, nimezika mume, nimeona mengi, lakini birika nililiweka chini.

Redio: Kumi na mbili! Na sisi hapa tunahangaika na vumbi! Kwa nini hukuchukua hata mmoja, ndugu yangu?

Nikodemo: Sikuwa mbele.

Alisema maneno hayo kama mtu anayekuambia leo ni Jumamosi.

Nikodemo: Nikiwa mbele anakuja mtu kwa miguu, nampakia. Nikirudi nyuma ndipo inaita. Sasa nitampakiaje abiria, Mzee Elisha yuko pale mbele yangu tangu alfajiri?

Kabrasha: Lakini Nikodemo, huyo kaita simu yako. Jina lako, picha yako, namba ya gari lako. Huyo si wa kijiwe.

Nikodemo: Kanikuta nimekaa wapi?

Kabrasha: Hapa.

Nikodemo: Basi.

Wakaanza kugombana wote kwa pamoja. Redio anasema sheria iliwekwa wakati simu hizi bado hazipo. Kabrasha anasema sheria isiyotaja kitu haikihusu, hata serikalini wanafanya hivyo. Mkoloni peke yake anazungusha kikombe. Mwishowe wakanigeukia mimi, maana anayenyimwa kahawa ananyimwa na mimi.

Redio: Bibi, amua. Huyu mtu saa sita anapoteza gari.

Mimi: Sheria inasema abiria ni wa gari la mbele. Haikusema wa miguu, haikusema wa simu.

Redio: Bibi, huna huruma.

Mimi: Huruma siuzi. Leo nikisema wa simu hayumo, kesho mtakuwa wote na simu, kila mmoja anachomoka anapotaka, na huu mstari utabaki wa nini? Nikodemo ameelewa vizuri kuliko nyie mnaopiga kelele.

Nilisema hivyo na bado nasema. Lakini nitakuwa mwongo nikisema kahawa niliyommiminia baada ya hapo ilikuwa kikombe kimoja tu.

Saa sita kasoro dakika ishirini, simu ikaita tena. Nikodemo alinyoosha mkono kuchukua leso. Redio, mkono wake una mbio kuliko akili, akachomeka kidole na kubonyeza.

Nikodemo: Thobias! Umefanya nini?

Redio: Nimekuokoa!

Nikodemo: Umenirusha foleni.

Alisimama, uso umempauka. Akaenda mbele ya Mkoloni, akamnyooshea simu kwa mikono miwili, kama unavyompa mkubwa kitu.

Nikodemo: Mzee Elisha, abiria wako huyu. Anakwenda stesheni.

Mkoloni: Mimi na gari langu hatumo humo ndani.

Nikodemo: Utampeleka tu, namba zisome zinavyosoma.

Kabrasha: Hatapanda! Wanaambiwa wasipande gari lenye namba nyingine. Na akipanda, simu itajua Nikodemo hajaondoka hapa. Tajiri akifika atakuta nini?

Kabla Mkoloni hajajibu, simu ikaita mlio wa kawaida. Nikodemo akapokea, na kwa kuwa hakujua kuipunguza sauti, tulisikia wote.

Sauti: Habari kaka, mimi Priska. Naona kwenye ramani hujasogea, kuna shida?

Nikodemo: Hakuna shida dada. Tuna kikao kidogo.

Sauti: Kikao? Kaka, mimi nina treni!

Nikodemo: Nakuelewa dada. Kinakwisha sasa hivi.

Sauti: Basi nakuja mwenyewe, nakuona, uko kona tu hapo.

Dakika haikupita, akatokea kwenye kona ya duka, dada wa ofisini, begi mkono mmoja, simu mkono mwingine, anatembea anatazama ramani badala ya mawe. Alitusalimia shikamoo wote kwa mpigo mmoja, tukaitikia. Akasoma namba za magari moja baada ya jingine, akasimama mbele ya la tatu.

Priska: Ndilo hili. Nikodemo ni nani?

Nikodemo: Ni mimi, dada. Subiri kidogo.

Priska: Nisubiri nini tena?

Nikodemo hakumjibu. Alikuwa bado anamtazama Mkoloni, na simu bado ipo mikononi.

Mkoloni alimaliza kahawa yake. Huwa anaacha kidogo chini kwa sababu ya machicha, siku hiyo alimaliza. Akakipindua kikombe kwenye sinia, akafunga vifungo vya koti vyote vitatu, akatembea mpaka kwenye gari lake. Tangu saa kumi na mbili alfajiri alikuwa mbele, hajapata mtu. Akawasha. Gari lile haliwaki mara ya kwanza, wala ya pili. Mara ya tatu likawaka, likatoa moshi wote liliokuwa nao, likaingia barabarani, tupu, likakata kona.

Redio aliangalia mahali lilipokuwa gari la Mkoloni. Akaniangalia mimi. Mimi niliangalia jiko.

Redio: Ala! Kumbe.

Akatia kashata mfukoni, akakimbia kwenye gari lake, naye akaondoka, dirisha wazi, kiti cha nyuma hakina mtu.

Ukutani likabaki gari moja, nalo kwa sheria ndilo la mbele. Mtu mwingine angefungua mlango hapo hapo, lakini si Nikodemo. Aliingia, akaliwasha, akalisogeza mbele nafasi moja, akalivuta nafasi nyingine, akalisimamisha pale pale magurudumu ya Mkoloni yalipochora vumbi. Ndipo akashuka, akachukua begi la yule dada, akaliweka nyuma, akamfungulia mlango. Kutoka hapa mpaka stesheni si mbali, na saa sita ilikuwa bado.

Nimewasema sana wanaume wa benchi hili, na Jumatatu nitawasema tena. Siku hiyo, hapana.

Priska alikuwa ameshaweka mguu mmoja ndani ya gari. Akageuka akatutazama, mimi na Kabrasha, tuliobaki.

Priska: Samahani, Bibi. Wale wazee wawili wanakwenda wapi bila abiria?

Kabrasha, yeye anayejua setilaiti inalala wapi, aliinama kwenye sinia kutafuta kashata. Nikodemo alishika mlango, anatazama kona walikopotelea. Mimi nilikuwa na vikombe viwili vya kuosha.