Oili ya Mteremkoni

Kijiwe chetu kiko Piassa, katikati ya Addis, pale barabara inapoanza kuporomoka, na teksi zetu, Lada za buluu, hulala hapo zimeelekeza pua chini. Betri zimechoka, kwa hiyo asubuhi unaachia breki, gari linateremka, unatia gia, linawaka. Bizunesh hutuuzia kahawa hapo kando. Jumatano hiyo Zerihun alifika na galoni ya oili, amevimba kwa hasira. Fundi Mulugeta, rafiki yake tangu utotoni, alikuwa amembadilishia ringi za pistoni, zile zinazozuia oili isipande ikaungua, lakini Lada ikazidi kutoa moshi. Wiki iliyotangulia Zerihun alikuwa amemwita mwizi mbele ya watu, papo hapo kijiweni, eti kaweka ringi kuukuu. Hatukumtetea Mulugeta. Wengine tulitia na chumvi.

Zerihun alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia, akakipangusa, akakichovya tena.

— Mnaona? Jana nimeongeza, leo haifiki hata alama ya chini.

— Sili za valvu hizo, alisema Nusu Lita, ambaye hajawahi kununua petroli zaidi ya kipimo hicho. Zimekauka, oili inajipitia tu.

— Wapi! Profesa, mjuaji wa kijiwe, akadakia. Ni huu mji wetu, uko juu mno. Injini inatafuta hewa haipati, basi inavuta oili.

— Mbona yako haivuti? Nusu Lita akamuuliza.

— Yangu imeshazoea mlima.

Gashe Kanali, mkubwa wetu, aliweka kikombe chini.

— Leo Jumatano Addis nzima tumefunga nyama na siagi, Lada ya Zerihun peke yake inakunywa mafuta. Gari hilo halina dini, mwanangu.

Tulicheka. Zerihun hakucheka.

— Ni yule mwizi tu, alisema, akainua galoni amimine.

Mama mmoja mwenye kapu la mikate ya injera alikuwa amesimama akingoja teksi.

— Mwanangu, mbona unapima gari likiwa limeinama?

— Tunapima hapa siku zote, mama.

— Chungu changu kikiinama, upande mmoja mchuzi hauonekani. Ila siongezi maji.

Profesa alikodolea macho kikombe chake. Tukaliachia gari lishuke hadi kwenye tambarare karibu na lango la kanisa, tukangoja oili itulie, Zerihun akapima upya. Oili ilikuwa imepita alama ya juu, tena kwa mbali. Alikuwa akiijaza injini kupita kiasi, nayo ikawa inaichoma ile ya ziada na kuitoa moshi. Ringi za Mulugeta hazikuwa na kosa lolote. Nusu Lita alirudi kuitazama Lada yake, maana nayo hupimwa palepale mteremkoni.

Tuliporudi Bizunesh alikuwa anamimina kikombe cha tatu cha kahawa, ambacho kwetu ni cha baraka. Akamimina na kimoja cha ziada. Ng'ambo ya barabara Mulugeta alikuwa anapita, ameinamisha kichwa, kama afanyavyo tangu siku ile alipoitwa mwizi.

— Haya, Bizunesh akasema. Nani anakwenda kumwita?

Zerihun alitazama viatu vyake. Sisi wengine tukatazama vyetu. Mulugeta akakata kona, kikombe chake bado kinafuka mvuke.