Aliyekiona Akasema Kiache

Wasifu huu marehemu aliuagiza mwenyewe akiwa kitandani, akanikataza kuupamba. Mimi ni dada yake, nami nausoma alivyotaka.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa fundi wa injini za treni na mama mshonaji. Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya karakana, akaenda sekondari ya bweni, na mwaka 1987 akahitimu udaktari. Alikuwa mbishi tangu utotoni. Ukimwambia kumekucha, anatoka nje kuhakikisha.

Kazi yake ilikuwa kupima utumbo kwa kamera, mpaka alipostaafu mwaka 2021. Ilipokuja mashine mpya yenye kitufe cha kugeuza mwanga kuwa wa bluu, alijifunza kusoma vinyama vidogo vya utumbo mpana kwa kutazama mishipa yake ya damu: hiki kinaweza kuzaa saratani, kitolewe, hiki hakina madhara, kiachwe, bila kungoja maabara. Wenzake wakambatiza Jicho. Mama mmoja aliyesikia sifa hizo alimjia na jicho linalowasha. Akamwambia, "Mama yangu, mimi naangalia upande wa pili kabisa," akamsindikiza mwenyewe mpaka kliniki ya macho. Chumbani mwake sheria ilikuwa moja: anayeshika kamera ndiye anayeamua, hata akiwa mwanafunzi.

Tarehe 18 Julai 1992 alimwoa mtaalamu wa maabara aliyekuwa akivipima kwa hadubini vinyama alivyovitoa kaka. Wifi yangu husema alichoka kumwambia "leo umekosa" kwenye dirisha la maabara, akaona heri akamwambie nyumbani. Walijaliwa binti na mvulana.

Mwaka 2017 alilala kwenye kitanda kilekile alichopimia wagonjwa wake ili naye apimwe, akakataa dawa ya usingizi apate kuiona skrini. Kamera aliishika daktari wa kike ambaye kaka ndiye aliyemfundisha. Upande wa kulia wa utumbo, daktari huyo akasimama kwenye kinyama bapa, kilichopauka.

"Mwalimu, hiki mpaka wake siuoni vizuri. Nikitoe?"

"Kiache. Hicho hakina neno."

Akakiacha. Mganga hajigangi, kaka aliijua methali hiyo, akabishana nayo pia. Damu ilipoanza kutoka mwaka 2023, alisema ni bawasiri, na miezi ikapita. Alipokubali kurudi, kamera aliishika mwanafunzi yuleyule, na palepale palikuwa na uvimbe. Akaanza kulia.

"Usilie. Sema unachokiona."

"Saratani, Mwalimu."

"Umesema sawasawa."

Alifanyiwa upasuaji, lakini ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye ini. Aliteseka sana, na sitasema vinginevyo. Alifariki tarehe 2 Juni 2024 asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Wapo ndugu waliosema daktari yule asionekane hapa leo. Kaka alijua watasema. Aliniambia, "Andika kwamba nilikiona, nikamzuia. Usipoandika, watammaliza yule mtoto."

Nimeandika. Ameacha mjane, binti, mvulana, wajukuu wawili, mimi dada yake, na daktari huyo, ambaye ameketi mstari wa mbele katikati ya watoto wa kaka. Mwenye neno naye aanze na mimi.

Kaka, yako umeyasema. Sasa lala kwa amani.